Taa Nyekundu ya Ufunguo

Gari liliwaka, likanguruma sekunde mbili, likazima. Dereva akageuza ufunguo tena. Likawaka, likazima. Mara ya tatu ikawa yale yale, na kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye umbo la ufunguo ikaanza kupepesa haraka haraka. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na watoto tisa wa shule walikuwa wamesimama milangoni kwao, mikoba mgongoni, wakimsubiri.

Pazia la sebuleni likasogea kidogo. Dereva aliliona, akajifanya hajaliona.

Aliyekuwa nyuma ya pazia ni mwenye gari, mume wa dada yake. Alikuwa mtunza ghala mstaafu wa hospitali, mtu aliyetumia miaka thelathini kuhesabu mashuka, glovu na chupa za dawa, na hakuna siku hesabu yake ilipungua hata chupa moja. Mtaani walimwita Makufuli, na hawakumsingizia. Kabati la sukari lilikuwa na kufuli. Bomba la uani lilikuwa na kufuli. Friji ilikuwa na mnyororo, na mnyororo ule ulikuwa na kufuli. Mkewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye anaishi ghalani, ila bado hajaandikwa kwenye daftari. Wageni walicheka, naye alicheka nao, lakini si sana.

Gari lile la viti kumi alilinunua alipostaafu, akampa shemeji yake, mdogo wa mkewe, abebee watoto wa shule. Shemeji alilala chumba cha uani na alikula meza moja nao. Alikuwa mtu wa utani. Watoto walimwita Anko na kumnyang'anya kofia kila asubuhi. Kwa Makufuli, mtu anayecheka hovyo asubuhi lazima ana jambo lake.

Na jambo alilipata. Ijumaa iliyopita alisoma mita ya kilomita, akaona wiki hiyo gari limetembea kilomita kumi na moja zaidi ya wiki zote. Akamwita shemeji.

"Barabara ya shule imechimbwa, shemeji. Nazungukia sokoni."

"Imechimbwa lini?"

"Wiki hii. Wanaweka mabomba."

"Mbona sijaambiwa?"

"Ndiyo unaambiwa sasa, shemeji."

Jibu hilo lilimkaa kooni siku mbili. Jumapili akadai ufunguo wa akiba, uliokuwa ukining'inia kwenye msumari chumbani kwa shemeji. Akauweka pamoja na ule wa kila siku, akapitisha waya kwenye matundu ya zote mbili, akausokota kwa koleo, kisha akatundika kibati chenye namba aliyoigonga mwenyewe kwa msumari. Mkewe ndiye aliyemshikia tochi, maana umeme ulikuwa umekatika.

"Kanuni ya ghala," alisema Makufuli akisokota. "Ufunguo na wa akiba zinakaa mkono mmoja. Jioni napokea, asubuhi natoa."

"Kwani hapa ni hospitali?" mkewe akauliza.

"Hapa ni pabaya zaidi. Hospitali kulikuwa na walinzi."

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi ndiyo gari likagoma.

Makufuli alitoka na kandambili, shati halijafungwa vifungo. "Umelifanya nini?"

"Sijalifanya kitu, shemeji. Linawaka na kuzima. Linawaka na kuzima."

"Jana si lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima."

"Na aliyeliegesha nani?"

Dereva akashuka. Makufuli akapanda, akakaa akiwa amenyooka kama mtu wa kupigwa picha, akashika ufunguo, akageuza. Gari likawaka. Likanguruma, likatulia, taa nyekundu ikazimika. Mzee akaliacha liungurume hata dakika nzima, huku akimtazama shemeji yake kupitia dirishani.

"Mbona kwangu linawaka?"

Ng'ambo ya pili, kwenye kibaraza cha jirani mshonaji, cherehani ilinyamaza. Mshonaji alikuwa hawezi kusikia vizuri huku anakanyaga, na mambo kama yale alipenda kuyasikia vizuri.

"Hata mimi sielewi, shemeji," alisema dereva.

"Utaelewa. Nenda, watoto wanachelewa."

*

Saa nane mchana simu ililia. Alikuwa mwalimu mkuu. Gari limegoma kwenye geti la shule, watoto wako chini ya paa la jikoni, wazazi wanapiga simu, na yeye si yaya. Akaongeza kwamba kuna mtu mwingine mwenye gari la shule anayepita njia hiyo hiyo, na amekuwa akimwomba nafasi tangu mwaka jana. Makufuli alisema "Ndiyo, mwalimu" mara sita. Hakuzoea kusema ndiyo mara nyingi namna ile kwa siku moja.

Gari likarudi limefungwa kamba nyuma ya lori la mchanga, dereva akiwa ameshika usukani wa gari lisilo na sauti. Watoto wa mtaani walilifuata wakishangilia. Makufuli alisubiri lori liondoke, akanyoosha mkono, akapewa funguo, akapanda, akageuza. Likawaka.

Safari hii hata mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. Aliona. Akamwangalia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajiuliza kama anamjua. Wazo hilo lilimtia aibu, akarudi jikoni upesi.

"Dada," alisema dereva akimfuata. "Na wewe?"

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo maana nimekuuliza."

*

Fundi wa kwanza alijiita Bingwa. Alikuja Jumanne na sanduku lenye vifaa vingi kuliko alivyojua kuvitumia. Akafungua plagi, akazipuliza, akazirudisha. Akabadilisha fyuzi mbili. Akaazima betri ya jirani. Akagonga pampu ya mafuta kwa mpini wa bisibisi, akaisikiliza kwa sikio, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona ugonjwa mbaya. Kila akimaliza alimwambia dereva awashe, na kila dereva akiwasha, gari lilizima. Kila Makufuli akiwasha, liliwaka.

Kufikia saa tisa Bingwa alikuwa ameishiwa. Watu wa namna yake wakiishiwa hawasemi wameishiwa. Alifuta mikono, akamvuta Makufuli pembeni, akashusha sauti.

"Mzee, hapa kuna mkono wa mtu."

Makufuli alihisi raha fulani kifuani, raha ya mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo. "Endelea."

"Unaiona taa ile nyekundu? Ile ni ya ulinzi. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna kichipu, kidogo kama punje ya mchele. Gari linakijua. Lisipokijua linakukatia mafuta, linazima. Sasa ukichongesha ufunguo wa wizi huko mitaani, gari linachanganyikiwa, halijui liamini upi."

"Unataka kusema kuna ufunguo wa tatu?"

"Mimi sijasema, Mzee. Taa ndiyo inasema. Nani anashika gari hili?"

Makufuli aligeuza shingo taratibu akatazama chumba cha uani, na Bingwa akageuza yake. Jirani mshonaji, ambaye hakuwa amesikia hata neno moja, akatazama kule kule.

Usiku ule nyumbani hawakuongea mezani. Makufuli alisikiliza namna shemeji yake anavyotafuna. Akaona anatafuna kwa utulivu mno. Mtu asiye na hatia, aliwaza, angekuwa na wasiwasi. Dakika tano baadaye shemeji akaangusha kijiko, na Makufuli akawaza kwamba mtu asiye na hatia asingeangusha kijiko.

*

Jumatano, saa tatu asubuhi, aligonga mlango wa chumba cha uani.

"Lete begi lako kibarazani."

"La nini?"

"Lete tu."

Dereva alilileta. Labda alidhani mzee atatazama juu juu. Makufuli alilifungua zipu hadi mwisho, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukipanga sakafuni kwa mstari, mashati upande huu, suruali upande huu, kama siku ya ukaguzi wa bohari. Akakunjua soksi. Akakung'uta kitaulo. Akatoa nguo za ndani, akazitikisa hadharani, akaziweka kwenye mstari wake. Kile kibaraza kilikuwa mita nne kutoka njiani, na kwenye njia ile alipita kila mtu aendaye kwenye bomba la mtaa.

"Mume wangu," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Basi jamani. Mfanyie ndani."

"Ndani kuna nini cha kuficha?"

Akatoa kiatu kimoja cha mtoto, kidogo, kimebandikwa gundi na kufungwa kwa mpira.

"Hiki nacho?"

"Cha yule mdogo wa mwisho kwenye mzunguko wangu. Soli imetoka. Nilimwambia nitambandikia."

"Umekuwa fundi viatu sasa."

Waliosimama njiani wakacheka. Si kwamba walimchukia dereva; wengi walimpenda. Lakini begi la mtu likimwagwa, kila mtu anataka kujua lina nini. Makufuli akafika chini kabisa, akapekua mfuko wa ndani, mkono ukasimama. Akautoa polepole. Kati ya vidole vyake viwili kulikuwa na ufunguo.

Umati ulitoa sauti. Mshonaji alishatoka kwake zamani na sasa alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza.

"Haya," alisema Makufuli kwa ushindi. "Hebu tuambie. Huu ni wa nini?"

Dereva aliutazama. Kisha akalitazama begi.

"Wa kufuli la begi unalolipekua, shemeji."

Safari hii waliangua kicheko wote, na mshonaji akacheka hadi akashika mbavu. Mtu mwingine angecheka nao na mambo yangeishia pale. Makufuli hakuwa mtu mwingine. Aliona wanamcheka yeye, ndani ya kibaraza chake mwenyewe, na damu ikampanda.

"Cheka! Chekeni! Ufunguo wa kuiba umeshautupa, unadhani sijui? Miaka thelathini nimeishi na wezi wa dawa. Mwizi namjua anavyopumua!"

Kicheko kikakatika. Neno lile lilikuwa limetoka, mwizi, mchana kweupe, mbele ya watu kumi na zaidi, na halikuwa na pa kurudi. Dereva alipiga magoti, akarudisha nguo zake begini bila kuzikunja. Kiatu cha mtoto akakiweka juu. Alipofika kwa dada yake alisimama kidogo, akasubiri. Dada yake alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini mume wake alikuwa pale, na watu walikuwa pale, na lile wazo la Jumatatu lilikuwa bado halijamtoka kabisa. Hakusema kitu. Mdogo wake akaondoka.

*

Alhamisi asubuhi mkewe aliamka kabla ya mumewe, akavaa nguo za kutokea, akaenda moja kwa moja nyuma ya kituo cha mafuta, alipokuwa na banda lake mwanamke mmoja mnene wa makamo, fundi wa umeme wa magari, ambaye madereva walimwita Bibi Fyuzi. Alisifika kwa mambo mawili: mdomo mchafu, na kutokufungua boneti kabla hajauliza maswali.

"Gari linawaka, linazima?" aliuliza Bibi Fyuzi.

"Linawaka, linazima. Lakini mume wangu akiliwasha haliwi na neno."

"Yeye tu?"

"Yeye tu."

"Analipenda sana, eh?" Bibi Fyuzi akacheka. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Kuna nini, dada?"

"Ndugu yangu ameitwa mwizi kwenye kibaraza changu. Nimekaa kimya. Nataka kujua kama nilikaa kimya juu ya mwizi au juu ya ndugu yangu."

Bibi Fyuzi akachukua koleo moja na kitambaa. Sanduku aliliacha.

Makufuli hakufurahi kumwona. Fundi mwanamke, na zaidi ya hapo fundi asiyeitwa na yeye. Lakini mwalimu mkuu alikuwa amepiga tena, amempa mpaka Ijumaa, na wazazi watatu walishawahamisha watoto wao kwenye gari la yule jamaa mwingine. Akatoa funguo kwenye mkanda, akaziweka kwenye kiganja chake mwenyewe.

"Nifungue boneti?" aliuliza.

"Boneti ya nini? Washa."

Akawasha. Likawaka.

"Zima. Mpe mama awashe."

Mkewe hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Alishika ufunguo kama kitu cha moto, akageuza. Likawaka, moja, mbili, likazima. Taa nyekundu ikaanza kupepesa.

"Hapa kuna mkono wa mtu," alisema Makufuli.

"Nyamaza kidogo, baba. Wewe jirani, ndiyo wewe, wa cherehani, njoo. Umeacha kazi yako tangu nifike, njoo ufanye ya kwetu."

Mshonaji alikuja mbio, amefurahi. Aliwasha, likazima. Bibi Fyuzi mwenyewe akawasha, likazima. Akampa Makufuli. Likawaka, likanguruma, taa ikazimika.

"Zima. Rudia. Polepole." Alikuwa ameingiza kichwa dirishani. "Simama hapo hapo. Usitoe mkono."

Makufuli aliganda. Bibi Fyuzi akautazama mkono ule muda mrefu. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeshika ufunguo ulioko kwenye swichi. Ule wa pili, uliofungwa nao kwa waya, ulikuwa umebanwa kati ya kidole cha kati na cha pete, umesukumwa mbali, umegeukia nje.

"Mbona unashika hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Hivyo. Huu huku, huu kule."

"Ndivyo funguo zinavyoshikwa," alisema Makufuli, akishangaa swali. "Ukiwa na shada la funguo, unaugeuza mmoja, zingine unazitenga kwa vidole, zisikugonge. Ghalani wote tulishika hivyo."

"Na huyo dereva wenu hajafanya kazi ghalani."

"Hajafanya."

Bibi Fyuzi akavuta funguo zote mbili, akatia koleo kwenye waya, akaukata. Kibati chenye namba kikaanguka chini. Ufunguo mmoja akautia mfukoni mwake, akatembea hatua kumi hadi kwenye nguzo ya umeme, akageuka.

"Mama, washa."

Likawaka. Moja, mbili, tatu, nne. Mkewe alihesabu mpaka ishirini, mikono yote miwili juu ya usukani, na gari likaendelea kunguruma. Akazima, akawasha tena. Akampisha mshonaji, mshonaji akawasha, akapiga honi kwa furaha yake mwenyewe. Likawa linawaka tu, kwa kila mtu.

"Pale kwenye swichi kuna pete," alisema Bibi Fyuzi akirudi. "Ukiingiza ufunguo, pete inauliza, wewe nani? Kichipu kinajibu. Sasa mkizifunga mbili pamoja, zinajibu zote kwa mpigo. Gari linasikia makelele tu, linajikatia mafuta. Hamna ufunguo wa tatu. Hamna mwizi. Hapa ndani kila kitu ni kizima." Alifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka. "Nani mwehu aliyezifunga pamoja?"

Mshonaji alishuka garini taratibu. Watu wa bombani walikuwa wameshaanza kukusanyika, baadhi yao ni wale wale wa jana. Makufuli alitazama kibati chake pale chini, na waya uliokatwa. Alikuwa na nafasi moja ya kusema maneno mawili tu. Aliyahisi yamefika kwenye ulimi. Kisha akaona macho ya watu.

"Dereva," alisema. "Dereva ndiye aliyezifunga."

Mkewe alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha dereva. Alishuka. Aliokota kile kibati, akakifuta vumbi kwa kanga, akakiinua ili watu wakione.

"Hii namba ameigonga yeye," alisema, si kwa kelele. "Kwa msumari, Jumapili jioni. Waya ameusokota yeye. Tochi nilimshikia mimi. Ndugu yangu alikuwa amelala."

"Mama…" Makufuli alianza.

"Nilinyamaza jana. Leo sinyamazi." Akamgeukia Bibi Fyuzi, akanyoosha mkono. "Nipe ule wa mfukoni."

Bibi Fyuzi akampa bila kumuuliza mwenye gari. Mkewe akautia kifuani, ndani ya nguo, akaingia ndani ya nyumba. Makufuli akabaki na ufunguo mmoja mkononi, amezungukwa na watu ambao sasa hawakucheka hata kidogo. Hilo lilimuumiza kuliko kicheko cha jana.

*

Mkewe hakumfokea. Aliweka chakula mezani, akakaa, akala, akainuka. Jioni akamwambia neno moja: "Mfuate." Makufuli akavaa shati la vifungo.

Alienda kwa gari, yeye mwenyewe, kilomita ishirini kwa saa, akiwapa njia hata baiskeli. Kwenye kona ya kuelekea shule alikanyaga breki. Mbele yake barabara ilikuwa imekatwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kulikuwa na mtaro unaomfika mtu kifuani, mabomba ya bluu yamelazwa pembeni, na mzee wa zamu amekaa kwenye ndoo akipunga kitambaa chekundu.

"Zungukia sokoni, baba," alisema yule mzee.

"Imechimbwa lini?"

"Hii? Leo siku ya kumi na moja. Kwani wewe hupiti huku?"

Makufuli aligeuza gari. Akazungukia sokoni. Hakuisoma mita ya kilomita; aliona inasogea, akageuza macho.

Shemeji yake alikuwa kwa rafiki yake mziba pancha, amechuchumaa mbele ya beseni la maji, akizungusha tyubu kutafuta viputo. Aliliona gari likija, akaona anayeendesha ni nani, akaendelea kuzungusha.

"Shikamoo, shemeji," alisema, kwa kuwa adabu hakuiacha kwenye kibaraza kile.

"Marahaba." Makufuli alikuwa amepanga maneno njiani kote. Aliyatafuta, hakuyaona. "Gari limepona."

"Nimesikia. Mshonaji amepiga simu kwa kila mtu."

"Ni zile funguo. Zilikuwa… zilifungwa pamoja."

"Zilifungwa."

"Mimi nilizifunga." Mziba pancha alijifanya anatafuta gundi. "Na barabara nimeiona. Shemeji, niliteleza. Rudi nyumbani."

Dereva aliutoa mkono majini, akaukung'uta. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Makufuli.

"Watoto nitawabeba. Hawajanikosea. Kesho asubuhi nitakuja, na kila asubuhi. Lakini getini kwako siingii tena."

"Kwa nini? Nimesema nimekosea."

"Umesema hapa, kwa mziba pancha. Mwizi uliniitia kule."

"Nitasema na kule!"

"Sema. Mimi sikuzuii. Lakini hata ukisema, shemeji, nitakuwa nalala kwako, naamka, na kila nikikohoa nitakuwa najiuliza umekisikiaje kikohozi changu. Siwezi. Nimechoka kupumua kwa kuangaliwa."

*

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi alikuja kama alivyosema, akasimama nje ya geti, gari lilipoegeshwa. Dada yake akamtolea ufunguo aliokuwa amelala nao, na kikombe cha chai na mkate. Akanywa amesimama, akaenda. Mwalimu mkuu alipokea watoto sita na kusema tutaona. Jumatatu wakawa saba. Jumatano yule mtoto wa kiatu alirudi, akamnyang'anya kofia.

Makufuli alisema kibarazani. Alimwita mshonaji, akawaita wa bombani wawili, akasimama na kusema kwamba shemeji yake si mwizi, na kwamba kosa lilikuwa lake. Walisema sawa, Mzee, yameisha. Alisubiri kujisikia mwepesi.

Wiki ya pili mkewe alitoa vikombe viwili. Kimoja alimpa ndugu yake, kingine akabaki nacho, wakanywa pamoja nje ya geti, wameegemea boneti. Wiki ya tatu akatoa na kigoda. Makufuli alikuwa anakaa mezani peke yake, sukari iko wazi mbele yake, kwa sababu kufuli la kabati alikuwa ameliondoa kwa hiari yake na hakuna aliyelitambua hilo.

Asubuhi moja aliwasikia wakicheka kule nje. Kilikuwa kicheko kirefu. Alizima redio. Bado hakuyasikia maneno, akainuka, akavua kandambili zisipige kelele, akasogea hadi dirishani, akainua ncha ya pazia kwa kidole kimoja.

"…la nyuma kushoto," shemeji alikuwa anasema. "Limeisha kabisa, dada, limebaki upara kama kichwa cha mwalimu mkuu."

"Basi libadilishe kabla ya mvua," alisema mkewe, akijifuta machozi ya kicheko.

Walikuwa wanazungumza juu ya tairi. Makufuli alisimama palepale, amebana pumzi, miguu peku kwenye sakafu baridi, akisubiri wafike kwenye yale waliyokuwa wanayasema hasa. Shemeji aliweka kikombe chini, akawasha gari, akaenda kuwafuata watoto. Mkewe alibeba kigoda, akaingia, akamkuta dirishani.

Akamtazama miguu, akatazama pazia.

"Tulikuwa tunaongelea tairi," alisema.

"Najua," Makufuli alijibu. Lakini hakuamini, na mkewe aliona kwamba hakuamini, akakipeleka kigoda jikoni.